Jibu: Kufuta nauli au kuongeza mabasi?
Ndugu, umeuliza kama nauli ikifutwa watu wataacha magari nyumbani. Sidhani. Kinachomchosha mwenye gari ni kusubiri. Basi likipita kila baada ya dakika 30, kwa wastani utasimama kituoni dakika 15, na likikuacha, ratiba yako imeharibika. Likipita kila dakika 10, huna haja hata ya kuangalia saa. Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya, ilifuta nauli mwaka 2020 na foleni za magari bado zipo.

Fedha zikiwa chache, ongezeni mabasi na yapewe njia yake pekee barabarani. Basi lililokwama kwenye foleni ileile halimvutii mtu. (Na kivuli kituoni, jamani!) London ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2003, iliongeza mabasi wakati huohuo.