Programu haitabiri, inakadiria

Msomaji wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, anatafsiri kutoka Kifaransa makala ya watu wa mchezo wa kulenga shabaha, wale wanaojaza kartushi zao wenyewe nyumbani. Ameniletea sentensi moja: "Programu hii inatabiri mwendo wa risasi za kujitengenezea zikipigwa kwa rivolva." Anauliza kama "risasi za kujitengenezea" ni Kiswahili safi.

Nitamjibu, lakini kwanza aniondolee hiyo "inatabiri".

Neno hili limenichosha. Kila panapotokea prédire kwenye Kifaransa, watafsiri wetu wanabandika tabiri bila hata kupumua. Juzi nimekuta karatasi juu ya mizani ya dukani: "Mashine hii inatabiri uzito wako." Uzito ninao tayari, nimesimama nao juu ya mizani! Tabiri tumelitoa kwa Waarabu, kwenye kufasiri ndoto. Farao aliota ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda, Yusufu akamfasiria. Hakuna aliyeshika kipimo. Kadiria limetoka kwenye kadiri, yaani kiasi.

Tazama kijana wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Kabla ya kuingia mteremko anausukuma mzigo kwa bega, aone umekaaje. Anainama kwenye magurudumu, aangalie kama ule ukanda wa tairi uliopigiliwa misumari umelegea. Anatazama barabara, kama ni kavu au ina tope, na changarawe ya volkano imerundikana wapi. Ndipo anaweka goti kwenye ubao na kumpigia kelele aliye mbele: "Leo itakimbia, ongeza nafasi!" Ikikimbia kuliko alivyofikiri, anakandamiza breki ya mpira kwa mguu, na kesho anapunguza gunia moja. Je, huyo ametabiri? Muulize mwenyewe. Atakwambia manabii wako kanisani, yeye ana mzigo.

Programu hufanya kazi kama kijana huyo. QuickLOAD, iliyoandikwa na Mjerumani Hartmut Broemel, unaipa uzito wa risasi, aina na kiasi cha baruti, nafasi iliyomo ndani ya ganda la kartushi, urefu wa mtutu. Inapiga hesabu ya msukumo wa gesi, kisha inakuletea namba: mita kadhaa kwa sekunde. Kwenye rivolva namba hiyo huyumba zaidi. Kati ya silinda, ile ngoma inayozunguka na kushika kartushi, na mtutu kuna upenyo mwembamba, kwa kawaida sehemu ya kumi ya milimita au mbili, na gesi inatorokea hapo. Hesabu iliyopigwa kama vile njia yote imeziba haiuoni upenyo huo. Hata urefu unapotosha: mtutu wa rivolva hupimwa bila silinda, wakati ule wa bastola ya magazini hupimwa pamoja na chumba cha kartushi. Asiyejua hilo anaingiza urefu usio sahihi na kupata jibu lisilo sahihi. Tena rivolva mbili za aina moja, zikilishwa kartushi zilezile, zinaweza kutoa mwendo tofauti. Kwa hiyo mwenye kujua anaichukua namba ya programu, anakwenda kupiga mbele ya kronografu, chombo kinachopima mwendo wa risasi inapopita, halafu analinganisha.

Sasa mwandikie mtu huyo kwamba programu "imetabiri". Unabii hauna pungufu wala zaidi. Ama umetimia, ama nabii ni wa uongo. Neno lako limemwondolea sababu ya kupima tena, na mkononi ameshika chuma chenye baruti. Hapo ndipo hasira yangu inapotoka. Sisi wa Goma tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Wanaochunguza Nyiragongo, volkano yetu, wanapima mitetemo na gesi, kisha wanakadiria hatari. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 niliwasikia watu wakiwadai utabiri, kama vile walikuwa wameuficha mfukoni.

"Utabiri wa hali ya hewa" nimeuachia. Umeshaingia redioni na kwenye vitabu vya shule, siwezi kuufukuza peke yangu. Ila wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu yanatabiri.

Swali lako sasa. Risasi ni kile kichwa kinachotoka mtutuni, na kimeitwa hivyo kwa jina la madini yenyewe. Kitu kizima, yaani ganda, fataki, baruti na risasi, ni kartushi. Mtaani vyote tunaviita masasi, na katika mji ambao mtoto anatofautisha kwa sikio masasi ya mbali na ya karibu, sitamsimamisha mtu anayekimbia ili nimsahihishe. Kwenye tafsiri lakini tenganisha, kwa sababu kinachojazwa kwa mkono ni kartushi.

Andika hivi: "Programu hii inakadiria mwendo wa risasi za kartushi zilizojazwa kwa mkono, zikipigwa kwa rivolva." Na kila namba ya programu itangulizie "takriban". Ile ya kronografu iandike kama ilivyopimwa.