Tukipandisha makato ya dau, mashabiki watabaki?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa klabu ya mbio za farasi. Mapato yameshuka, na bodi inataka kupandisha makato ya dau kutoka asilimia 16 hadi 22. Bodi hiyohiyo inatutaka tuvute vijana waje uwanjani. Je, haya mawili yanapatana?

JIBU: Ndugu mhasibu, hayapatani. Kabla hawajapiga kura, waonyeshe hesabu hii.

Dau zote huingia kapu moja. Klabu hukata fungu lake, humo mkiwemo kodi na zawadi za wenye farasi, na kinachobaki hugawiwa waliopatia. Sasa mchukue kijana aliyekuja na shilingi 1,000, akawa anaweka tena kila anachopata. Kwa makato ya 16, baada ya mbio tatu atabakiwa, kwa wastani, na shilingi 593. Kwa 22, ni 475. Akicheza hadi mfuko ukauke, klabu itakuwa imekula 1,000 yake yote, makato yawe 16 au 22. Ila kwa 16 atakuwa ameweka dau za jumla ya 6,250. Kwa 22, 4,545 tu. Mmemfupishia siku yake bila kuongeza hata senti. Na huyo ndiye mliyetarajia arudi Jumapili ijayo na rafiki!

Uwanja wa mbio wa Keeneland, Kentucky, Marekani, ulijaribu njia ya bodi yenu mwaka 2017, ukitaka kuongeza zawadi. Makato ya dau la mshindi, yaani la kutabiri farasi mmoja atakayeshinda, yalitoka 16 hadi 17.5, na ya dau nyingi za kuunganisha farasi kadhaa katika tiketi moja kutoka 19 hadi 22. Baadhi ya wachezaji wakasusa, dau zikapungua. Kufikia Aprili 2018 makato ya dau la mshindi yalikuwa yamerudishwa 16.

Hong Kong walikwenda kinyume. Mwaka 2006 serikali ilihamisha kodi kutoka jumla ya dau hadi faida, yaani kinachobaki washindi wakishalipwa, na klabu ya mbio ya huko ikaanza kumrudishia asilimia 10 aliyepoteza dau kubwa. Dau za msimu, zilizokuwa zimeporomoka hadi karibu dola bilioni 60 za huko, zilivuka bilioni 100 msimu wa 2013/14. Nafuu hiyo iliwalenga wachezaji wakubwa, nakiri, lakini hesabu yake ni ileile.

Bodi ikishikilia kupandisha, pigania angalau makato ya dau la mshindi yabaki 16. Dau hilo ndilo mgeni huanza nalo: anachagua farasi mmoja, anashika tiketi, anapiga kelele.