Kompaila inakuonyesha taipu zilipogongana, haikuonyeshi aliyekosea

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wanaopita tu: mwenzetu anaandika lugha ya programu ya Haskell, ana fanksheni ya kutafuta wastani, GHC (kompaila ya Haskell) ikamwambia `No instance for (Fractional Int)`. Akapachika `fromIntegral` (inayogeuza namba nzima kuwa namba ya taipu nyingine) kila alipoona upenyo. Kosa likahamia kwenye `main` (programu inapoanzia), mahali ambapo anaapa hajagusa kitu, na sasa linasomeka `No instance for (Integral Double)`. Tena anataka kuona thamani zinazopita katikati ya fanksheni, lakini akiweka `print` kompaila inakataa.

Nimepita humo humo, na nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tuanze na wastani wako:

```
wastani xs = sum xs / length xs
```

Hukuandika saini ya taipu (mstari unaosema fanksheni inapokea aina gani ya thamani na kurudisha aina gani), kwa hiyo kompaila inajitafutia yenyewe. Alama ya `/` inataka pande zote mbili ziwe za taipu moja. `length` inarudisha `Int` (namba nzima). Basi `sum xs` nayo ni `Int`, na `xs` imeshakuwa orodha ya `Int`. Mpaka hapo haijaona ubaya wowote. Mwishoni ndipo inakumbuka kwamba `/` ni ya namba zenye desimali na `Int` haimo katika ukoo huo. Wewe kichwani ulikuwa na orodha ya `Double` (namba zenye desimali), lakini hilo hukulisema popote.

Sasa ongeza mstari mmoja juu yake, `wastani :: [Double] -> Double`, bila kugusa kingine. Ujumbe unageuka:

```
Couldn't match expected type ‘Double’ with actual type ‘Int’
In the second argument of ‘(/)’, namely ‘length xs’
```

Kosa ni lile lile, ila safari hii kidole kimemshika mhusika. Hapo unaandika `sum xs / fromIntegral (length xs)` na kazi imekwisha. `fromIntegral` moja inatosha.

Zile nyingi ulizopachika ndizo zilizokuhamishia balaa. Ulipoifunga na `sum xs` pia ndani ya `fromIntegral`, fanksheni ikapita, kwa sababu kompaila iliipa taipu pana: inapokea orodha ya namba nzima zozote, inarudisha desimali yoyote. Halali kabisa. Kisha `main` ikaja na orodha ya `Double`, na `Double` si namba nzima. Mstari wa `main` hauna hatia hata kidogo, umeletewa mzigo uliofungwa kwingine.

Hili lina asili yake. Ukaguzi wa taipu wa lugha hizi unatokana na kazi za wataalamu wawili, ya Hindley ya 1969 na ya Milner ya 1978, hii ya pili ikiwa kwa ajili ya lugha ya programu ya ML. Kompaila inakusanya madai kutoka kila kipande cha msimbo, kisha inayalinganisha: hiki lazima kiwe sawa na kile. Madai mawili yakipingana inakuonyesha yalipokutania. Nani kati yao ndiye mwongo, haiwezi kujua. Saini yako ni shahidi anayeletwa mapema: kompaila inachukua neno lake kuwa kweli na kupima mengine yote kwalo. Kwa hiyo nikikutana na kosa nisilolielewa sihariri msimbo wowote kwanza. Naandika saini kwenye fanksheni inayolalamikiwa, kisha kwenye zile inazoziita, nikishuka ngazi moja moja mpaka kosa lijikute limebanwa ndani ya mistari mitatu minne. Ukikompaili faili kwa `-Wall` (chaguo linalowasha maonyo) itakukumbusha saini zilizokosekana za ngazi ya juu, na matawi ya `case` uliyoyasahau pia.

Ila saini nayo ina mtego, na huu ulinipotezea usiku mzima. Tazama:

```
weka :: a -> [a] -> [a]
weka kitu xs = concatMap pachika xs
  where
    pachika :: a -> [a]
    pachika x = [x, kitu]
```

Kwa macho haina tatizo. GHC ikaniambia ilitarajia `a1` ikapata `a`, na kwamba zote mbili ni ngumu hazikunjiki. Nikauliza, hiyo `a1` imetoka wapi? Sijaandika `a1` popote! Nikabadilisha majina, nikafuta, nikaandika upya, nikadhani kompaila ni mbovu (dalili ya kwanza kwamba umechoka, kalale). Kumbe `a` ya ndani ni nyingine kabisa. Kila saini inajianzishia herufi zake, kwa hiyo nilikuwa nimeahidi kwamba `pachika` itafanya kazi kwa taipu yoyote ile duniani, wakati ndani yake nimeingiza `kitu` chenye taipu ya nje. Ukifuta saini ya ndani inapita. Ukitaka ibaki, andika `weka :: forall a. a -> [a] -> [a]` na uwashe `ScopedTypeVariables`. Hapo `a` ya ndani inakuwa ile ile ya nje. Tangu siku hiyo nikiona namba imejibandika kwenye herufi ya taipu nakimbilia kwenye `where`.

Kuna jingine fupi: ukiona `No instance for (Show (...` na ndani ya mabano kuna mshale, umesahau kuipa fanksheni kitu kimoja inachodai. Unajaribu kuchapisha fanksheni badala ya jibu lake. GHC yenyewe hukunong'oneza hivyo chini ya ujumbe, lakini nani husoma mpaka chini.

Na pale usipojua kabisa uweke nini, weka `_` tu. Tangu GHC 7.8 ya 2014, kompaila itakwambia shimo hilo linahitaji taipu gani, na matoleo ya baadaye yanakupendekezea pia vitu vinavyoweza kuingia.

Sasa `print`. Inakataliwa kwa sababu fanksheni yako imeahidi kurudisha `Double`, na `print` inarudisha `IO ()`, yaani kitendo cha kugusa ulimwengu wa nje, si namba. Usiigeuze programu nzima kuwa `IO` kwa ajili ya kuchungulia. Ingiza moduli ya `Debug.Trace`, utumie `trace`: inapokea maandishi na thamani, inachapisha maandishi, inakurudishia thamani kama ilivyo. Ukiwa na kipande kimoja tu unachotaka kukiona, `traceShowId` ni rahisi zaidi: `fromIntegral (traceShowId (length xs))`, na ukimaliza unakifuta.

Onyo langu la kweli liko hapa. Siku moja niliandika `let _ = trace "nimefika" ()` katikati ya fanksheni. Haikuchapisha kitu. Nikaamini kwamba fanksheni haiitwi kabisa, nikatumia siku mbili kutafuta kwa nini haiitwi, nikapekua mpaka usomaji wa mafaili. Ilikuwa inaitwa kila mara. Haskell ni mvivu: thamani isiyohitajika na mtu haikokotolewi, na `_` hakuna anayeihitaji. `trace` lazima ifunge thamani ambayo jibu linaitegemea, la sivyo inakaa kimya. Kwa sababu hiyo hiyo mpangilio wa mistari inayochapishwa unafuata nani kahitaji nini kwanza, usiusome kama mpangilio wa msimbo wako. Na inatoka kwenye mkondo wa makosa, kwa hiyo ukielekeza matokeo ya programu kwenye faili usiitafute humo.

Kama uvivu huo bado ni hadithi tu kwako, fungua `ghci` (GHC ya kujaribia msimbo papo hapo) uuone; `:sprint` inaonyesha thamani bila kuikokotoa, na `_` ni sehemu ambayo bado haijakokotolewa:

```
> let xs = map (*2) [1..5] :: [Int]
> :sprint xs
xs = _
> length xs
5
> :sprint xs
xs = [_,_,_,_,_]
```

Umehesabu vitu vitano na hakuna hata kimoja kilichozidishwa kwa mbili. Nilipoyaona haya ndipo nilipoelewa kwa nini orodha yangu yenye kugawanya kwa sifuri katikati ilikuwa inapita majaribio yote niliyoandika: nilikuwa napima urefu wake tu.

Anza na saini ya `wastani`, ondoa `fromIntegral` zote isipokuwa ile ya `length`. Kama `main` bado inalalamika, bandika hapa ujumbe mzima pamoja na mistari ya mwisho, usikate.