Toa betri kwanza, halafu niulize

Maswali ya leo yote yanahusu mashine za betri za kukatia ua wa mimea. Nusu yake yamejibiwa kwenye kijitabu kilichokuja na mashine, na najua kijitabu chenu kiko wapi: bado kimo kwenye boksi, hata nailoni yake haijachanwa.

Fundi, mashine yangu haiwaki mpaka nibane swichi mbili kwa mikono miwili. Inachosha. Naweza kuifunga ya mbele kwa raba nikatie kwa mkono mmoja?

Unaweza, kama unavyoweza kuvuka barabara umefumba macho. Hesabu ya swichi mbili ni nyepesi: mikono yote ikiwa kwenye vishikio, hakuna mkono uliobaki wa kuingia kwenye meno. Ukiachia mmoja, visu vinasimama papo hapo. Raba yako inafuta hesabu yote hiyo.

Nina glavu ya kushoto ambayo sitaki kuitupa. Kidole chake cha shahada kina mpasuko wa sentimita moja, kingo zake safi kama za wembe. Nilikuwa nimenunua mashine iliyokwisha kutumika, na mwenye nayo wa kwanza aliibana swichi ya mbele kwa selotepu nyeusi, rangi ileile ya kishikio. Sikuikagua. Nikailaza pajani, nikapeleka mkono wa kushoto kuondoa kijiti, na kiganja cha kulia kikabana swichi ya nyuma bila kukusudia. Meno yakaenda na kurudi, basi. Kidole kilipona kwa sababu glavu ilinizidi saizi moja. Tangu hapo, mashine ya swichi mbili ikifika mkononi mwangu najaribu moja moja. Ikiwaka kwa moja tu, haitoki nje.

Tawi likikwama kwenye meno, nitumie nini kulitoa?

Hili nimelijibu mpaka kalamu inaandika yenyewe. Toa betri. Kuachia swichi peke yake hakutoshi, na kuomba mwenzako akushikie mashine ndiyo kabisa usifanye. Betri itoke, iwekwe chini mahali unapoiona, ndipo uhangaike na tawi.

Waliozoea mashine za petroli walikuwa na mlinzi wao, mngurumo. Ikinguruma iko hai, ikinyamaza imezimwa. Ya betri hunyamaza kila isipokata, na ukimya wake ni uleule iwe imeishiwa chaji au iko tayari kukata. Ndiyo maana watu makini kabisa, ambao wasingethubutu kugusa visu vya petroli, wanaingiza vidole humu kama wanachambua mboga.

Na hata betri ikishatoka, tumia kijiti. Visu viwili hupishana. Ukivuta tawi, kimoja kinaweza kuteleza juu ya kingine na kubana chochote kilichopo katikati.

Mvua ya rasharasha inaruhusiwa?

Hapana. Na ikikatika, subiri majani yakauke.

Ua wangu umenizidi kimo. Nikipanda ngazi ya kuegemeza, mtu akanishikia chini, si salama?

Kwenye ngazi unahitaji walau mkono mmoja wa kujishikilia. Mashine inataka miwili. Jumla mitatu, nawe una mingapi? Huyo anayeshika ngazi atakachofanya ni kuwa wa kwanza kuona mashine inavyokuja.

Simama kwenye jukwaa lenye miguu minne juu ya ardhi tambarare, au tafuta mashine ya mpini mrefu uikatie ukiwa chini. Ukiichukua hiyo ya mpini mrefu, inua macho kabla ya kuinua mashine. Mipini mingi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hupitisha umeme. Kuna anayedhani kwamba mashine ikishakuwa ya betri, habari ya kupigwa umeme imekwisha. Waya uliopita juu ya ua hauulizi mashine yako inatumia nini.

Hukuniuliza, lakini nitasema: ua uliokushinda kimo punguza urefu wake, usitafute ngazi ndefu zaidi. Na uukate uwe mpana chini, mwembamba juu kidogo, ili majani ya chini yapate mwanga. Wengi hufanya kinyume, chini kukibaki fito tupu wanalaumu mbolea. Ubavuni anza chini ukipanda juu, takataka zitaanguka bila kukuziba unapokata.

Betri yangu imeandikwa volti 20, chaja ya jirani imeandikwa 18. Nikiazima itaharibu kitu?

Seli moja ya lithiamu huhesabiwa volti 3.6, ikijaa hufika 4.2. Panga seli 5 mfululizo: kwa hesabu ya kawaida ni 18, zikijaa ni 21. Kampuni moja inaandika 18, nyingine inaandika 20, na mnunuzi anadhani amepata nguvu ya ziada. Ni kitu kilekile, usilipe zaidi kwa ajili ya namba.

Lakini namba kukaribiana hakufanyi chaja kuwa yako. Chaja hutakiwa kujua joto la betri na kikomo chake, na hiyo ya jirani haikutengenezwa kuielewa ya kwako. Tumia iliyoandikiwa betri hiyo. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe kwanza, na usiichaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Usiitie mfuko mmoja na misumari au funguo. Chuma kikigusa ncha mbili, mfuko unaweza kuwaka. Ikivimba, imekwisha: usiichaji, usiitoboe, iweke mbali na vinavyoshika moto na uipeleke wanakopokea taka za umeme.

Miwani ni lazima? Ninakata mnyaa tu, ni laini.

Mnyaa ndio wa kwanza kuvaliwa miwani! Maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza na yanaweza kukufanya usione kwa siku kadhaa. Vaa miwani inayofunika hadi pembeni, mikono mirefu, na usijifute uso kwa glavu. Yakiingia, maji mengi mara moja, halafu hospitali.

Tawi nene kama dole gumba?

Pengo kati ya meno ndicho kipimo chako. Lisiloingia bila kusukumwa ni kazi ya msumeno.

Mwanangu ana miaka 10 na anaiweza vizuri.

Hapana. Na umejuaje kwamba anaiweza?

Meno yanatafuna majani badala ya kukata. Nimeanza kuyanoa kwa tupa, nikigusa swichi kidogo kidogo ili visu visogee nifikie yote.

Weka tupa chini. Huenda hata si butu: utomvu uliokauka hutafuna vilevile. Toa betri, futa visu kwa kitambaa chenye kiyeyusho cha utomvu, vikikauka dondoshea mafuta, ujaribu tena. Bado vinatafuna? Toa betri tena, piga tupa upande mmoja tu ukifuata mlalo wa kiwandani. Kwa meno yaliyofichwa, ondoa tupa, rudisha betri, shika vishikio vyote viwili, bana mara moja visu vihame, toa betri, endelea. Itakuongezea dakika kumi.