Jiko la pwani: anza na sakafu, kaunta itafuata

Mama yangu hukuna nazi chini. Amekalia mbuzi tangu akiwa msichana, na hata nilipomletea mashine ya kukunia alinishukuru, akaiweka kabatini, akarudi kwenye mbuzi yake. Nilipoamua kukarabati jiko la nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, jambo hili sikulifikiria kabisa. Nilichagua kila kitu kwa macho. Chini niliweka tailizi nyeupe za kung'aa, zile unazojiona uso ndani yake. Juu ya kaunta nikaweka marumaru. Wiki ya tatu mama aliinuka kwenye mbuzi akiwa na sufuria ya tui, mguu ukateleza, akaanguka. Mkono ulivunjika, akafungwa hogo kwa wiki sita.

Tangu siku ile kila jirani anayekarabati jiko namwambia hivi: pesa ya kwanza iende sakafuni. Wengi hudhani kazi ya jiko hufanyika kwenye kaunta. Kwetu pwani nusu yake iko chini. Hapo ndipo pa mbuzi, pa kuparia samaki, pa kinu, na pa jiko la mkaa gesi ikiisha. Tui lina mafuta, na maji ya samaki huacha utelezi ambao hauuoni mpaka uukanyage. Sakafu inayopendeza ikiwa kavu haijakuambia chochote.

Kwa hiyo safari ya pili dukani nilikwenda na chupa ya maji na kichupa cha mafuta ya nazi. Nilimwomba muuzaji kipande cha kila aina, nikavilaza chini, nikavimwagia maji na matone ya mafuta, nikavua kiatu na kusugua unyayo. Muuzaji alishangaa mwanzoni, baadaye akawa ananiletea vingine mwenyewe. Kwenye makatoni ya tailizi nyingi utakuta alama ya herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13. Kadiri namba inavyopanda ndivyo utelezi unavyopungua. Kwa jiko la nyumbani mimi nashauri R10, na R11 kama kuna mzee ndani ya nyumba. Kupita hapo tailizi huwa na makwaruzo yanayoshika uchafu, na anayedeki atateseka.

Uliza pia kama ni seramiki au poseleni. Poseleni huchomwa kwa moto mkali zaidi, na hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Njia rahisi ya kupima ni kugeuza kipande na kudondoshea maji mgongoni. Yakizama haraka, hiyo ni seramiki. Seramiki inafaa sana ukutani nyuma ya jiko, ila sakafuni, kwa maji tunayomwaga sisi, nilichukua poseleni.

Hesabu ya makatoni isikuchanganye. Katoni ya tailizi za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida ina vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44. Jiko letu ni mita 3 kwa 4, ambazo ni mita za mraba 12. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa na vitakavyovunjika unapata 13.2, kwa hiyo nilinunua makatoni 10. Hakikisha namba ya toleo kwenye makatoni yote ni moja, maana rangi hutofautiana kidogo kila kiwanda kinapochoma upya, na tofauti hiyo utaiona zikishabandikwa. Zitakazobaki zitunze.

Fundi akimaliza, pita na sarafu ukigonga kila kipande. Penye mlio wa uwazi gundi haikuenea, na hapo ndipo patakapopasuka siku ukiangusha mchi. Kinu chenyewe usikitwangie juu ya tailizi hata kama zimebandikwa vizuri. Sisi tuliacha kipande cha saruji iliyopigwa niru karibu na mlango wa uani, na hapo ndipo mama anapotwangia. Rangi ya grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya tailizi, chagua kijivu. Nyeupe itakuwa ya manjano kabla mwaka haujaisha, na kila anayepika samaki wa kupaka anajua kwa nini.

Sasa kaunta. Nasema marumaru ya kweli, ile ya jiwe, si tailizi ambazo wengi wetu tunaziita marumaru. Ni jiwe zuri mno, na nilikuwa nimelitamani kwa miaka. Ramadhani moja tu ilitosha. Kila mahali palipokaa kipande cha ndimu, glasi ya juisi ya ukwaju au chungwa la Muheza lililokatwa, pamebaki alama iliyofifia, kama duara la ukungu. Nilidhani ni doa nikasugua kwa sabuni, kisha kwa magadi. Haikutoka, kwa sababu halikuwa doa. Jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa.

Ukitaka kuelewa, nenda mapango ya Amboni. Ule ni mwamba wa chokaa, na ni maji yenye asidi hafifu yaliyouyeyusha kidogo kidogo kwa muda mrefu sana mpaka yakachimba vyumba. Marumaru ni ndugu wa mwamba huo, ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini. Ndimu ni kali kuliko maji ya mvua, ndiyo maana kazi yake unaiona siku hiyo hiyo. Kwa mpishi wa pwani, marumaru naikataa kabisa.

Tulibadilisha tukaweka granaiti. Madini yake hayaogopi ndimu, na sufuria ya moto haiiharibu kirahisi. Lakini nayo ipime. Dondoshea maji kwenye sampuli na usubiri dakika 15. Ikigeuka rangi kuwa nyeusi zaidi, ina vinyweleo vingi, na utahitaji kuipaka dawa ya kuziba mara kwa mara, la sivyo mafuta na manjano yatazama. Kwa ile nyeusi tii, futa kwa kitambaa cheupe chenye asitoni, dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka na weusi, jiwe limetiwa rangi, na rangi hiyo itapauka. Na kumbuka uzito: granaiti ya unene wa sentimita 3 ina kama kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Usiilaze juu ya kabati la chipbodi, zile mbao za vumbi la mbao lililogandishwa, ambalo kwa unyevu wa hapa huvimba miguu. Jenga vikuta vya tofali.

Kama granaiti iko juu ya uwezo wako, kaunta ya zege iliyobandikwa poseleni inafaa, na nimeziona zilizodumu. Simamia jambo moja tu: mchanga. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure. Chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege, kutu huvimba, na zege hupasuka kwa chini ambako huangalii. Kwa jamaa yangu mmoja vipande vilianza kudondokea ndani ya masufuria. Nunua mchanga wa mto, na uwepo siku unaposhushwa.

Kuhusu kimo, fundi atakuambia sentimita 90 bila kuuliza nani anapika. Msimamishe mpishi mwenyewe, akunje mkono, kisha pima kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni na upunguze sentimita 10 hadi 15. Mama ni mfupi, yetu ikatoka 84, na kwa mkono ule uliovunjika sasa anakata vitunguu bila kuinua bega.