Barua kwa mwanangu: gari liwe lako au la kampuni?

Leicester, Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama gari la kukupeleka kazini Sheffield ulinunue kwa fedha zako au likanunuliwe na kampuni yako, kwa kuwa sasa unafanya kazi za mkataba na kampuni ni mali yako. Likiwa la petroli, linunue wewe mwenyewe, kisha uidai kampuni malipo ya maili.

Kwa mkataba ulio nje ya IR35 (sheria ya kodi ya Uingereza kwa wakandarasi ambao kwa kweli hufanya kazi kama waajiriwa) kama wako, kampuni inaruhusiwa kukulipa, bila wewe kukatwa kodi, peni 45 kwa kila maili ya kazi katika maili 10,000 za kwanza za mwaka, na peni 25 kwa zinazozidi. Kutoka kwako Leeds hadi Sheffield na kurudi ni kama maili 70. Kwa siku tatu kila wiki, kwa wiki 46, utafikisha maili 9,660, yaani pauni 4,347. Angalia tu kwamba siku utakapojua kuwa kazi itapita miezi 24 mahali pale pale, haki hiyo inakoma siku hiyo hiyo, hata kama miezi yenyewe haijatimia.

Gari la kampuni liliniumiza mimi. Mhasibu wangu wa wakati ule alinishauri kampuni inunue gari lililokwisha kutumika miaka sita, kwa pauni 5,000, nami nikaona ni nafuu kubwa. Kumbe kodi ya marupurupu, yaani ile unayotozwa wewe kwa kutumia gari la kampuni kwa mambo yako, haifuati bei uliyonunulia. Hufuata bei ya gari lilipokuwa jipya, ambayo ilikuwa pauni 26,000, na asilimia yake hupanda kadiri moshi unavyozidi. Fedha zilizokwenda huko ndizo tulizoziweka kwa safari ya Mombasa kumwona bibi yako, na mwaka ule hatukwenda.

La umeme lina hesabu nyingine. Mwaka huu wa kodi, 2025/26, asilimia yake ni 3, hivyo kwa gari la pauni 30,000 utahesabiwa pauni 900 kama mapato, na kwa kiwango chako cha kodi ya mapato cha asilimia 20 utalipa pauni 180. La petroli la bei hiyo, likiwa katika asilimia 30, lingekutoza 1,800. Asilimia ya umeme itapanda hadi 9 ifikapo mwaka wa kodi wa 2029/30, na hata hapo naona kampuni ndiyo inunue, mradi gari liwe jipya.

Kabla hujatia saini popote, niandikie mkataba wako unaisha lini, na kama mwenye nyumba atakuruhusu kufunga chaja ukutani.

Mama yako