Mamluki analipwa, wewe unaambiwa una moyo: maswali yenu na majibu yangu

Jamani, juzi nilitupia kamstari kamoja tu kwamba mtu anaejitolea mwaka mzima bila kulipwa anadhulumiwa, basi simu haijapumzika mpaka leo. Wapo walionitukana kistaarabu, wapo walioleta maswali ya maana. Nimechagua haya machache. Majina nimeyaacha maana Kigoma ni ndogo, ukitaja kazi ya mtu na mtaa wake tu tayari mjomba wake kashajua.

Shikamoo. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, nimejitolea kwenye shirika moja huku Kasulu mwaka na miezi minne. Naingia saa mbili natoka saa kumi, ripoti naandika mimi. Napewa nauli tu, tena siku za semina. Nikiuliza naambiwa kazi ya huruma haina mshahara. Nivumilie mpaka lini? (Kasulu)

Marahaba mdogo wangu. Anaekwambia kazi ya huruma haina mshahara muulize taratibu, yeye mwisho wa mwezi anakula nini? Mkoa huu tumeishi na mashirika miaka mingi, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imefunguliwa 1996 Wakongo wanakimbia vita, Warundi nao wamekuja kwa mafungu, magari ya DFP, zile namba za miradi ya wafadhili, yamepishana kwenye vumbi la Kasulu na Kibondo mpaka watoto wanajua kuyachora, na ndani ya gari lile dereva ana mkataba, mhasibu ana mkataba, mkuu wa mradi ana mkataba na nyumba juu, ila yule anaekaa na mama mgonjwa kwenye foleni ndo anaambiwa ana moyo. Moyo anao kweli. Na kodi ya chumba anadaiwa.

Watu wengi wanachanganya hapa. Shirika kutokuwa la faida maana yake wenye shirika hawagawani kinachobaki, basi. Haina maana kwamba anaefanya kazi asilipwe. Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anaetoa huduma kwa mwingine anachukuliwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata moja ya alama zilizotajwa pale: unapangiwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa za kuingia na kutoka, unapewa vifaa vyao, au umewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. We saa 45 unazimaliza wiki ya pili haijaisha. Kwaiyo hilo neno "volontia" waliloandika kwenye kitambulisho chako halitoshi peke yake kukufanya volontia.

Mi mwenyewe nimepita huko. Miaka ya nyuma nilijitolea na watu fulani, siku ya semina tunapanga mstari, karatasi imeandikwa elfu thelathini, unasaini, unapewa elfu kumi, unasema asante. Nilisaini. Nilikuwa na njaa na nilitaka barua ya uzoefu. Mpaka leo nikiwaza ile saini yangu najisikia vibaya kuliko ile hela yenyewe, maana niliwasaidia kudanganya. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, andika kiasi ulichopokea, hata kama watakununia.

Sasa usinielewe vibaya, kujitolea kupo na ni kitu kizuri. Tukiitwa msaragambo wa kujenga darasa Jumamosi tunabeba mawe, jioni kila mtu kwake. Msalaba Mwekundu kujitolea ni moja ya misingi yao saba, na mafuriko yakija wale watu wanaonekana. Lakini hiyo ni siku, ni wiki, alafu mtu anarudi kwenye shughuli inayomlisha. Wewe shughuli inayokulisha wameichukua wao, saa mbili mpaka saa kumi, utauza mandazi saa ngapi?

Fanya hivi: omba kwa maandishi kazi yako ni ipi, mwisho lini, na baada ya hapo nini. Wakikujibu vizuri kaa. Wakikwambia kesho huna kazi, una siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kule CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine siku 60. Siku 30 zinakimbia dada, zinaisha wakati bado unashauriana na shangazi. Rejista ya mahudhurio piga picha leo.

Wanaokusanya na kugawa sadaka wakilipwa kutoka kwenye sadaka hiyohiyo si ni kula jasho la maskini? (Ujiji)

Ujiji mnaniuliza mimi wakati masheikh mnao! Surah Tawba aya ya 60 inataja watu wanaopewa zaka, na wanaoitumikia hiyo zaka wametajwa humohumo, baada ya mafukara na maskini. Ndugu zetu Wakristo nao wana Luka 10, mtenda kazi na ujira wake. Kwaiyo kulipwa si haramu. Kula ni pale kiasi kinapofichwa. Kikibandikwa ukutani kila mtu anakisoma, mnasema kinatosha au kimezidi, hakuna fitina.

Kaka, mi nahodha wa timu ya mtaa Kibirizi. Tumeingia nusu fainali, mshindi anachukua ng'ombe. Kiongozi kaleta mamluki watatu kutoka mjini, kila mmoja elfu thelathini na msosi. Sisi tuliocheza toka raundi ya kwanza tunaambiwa tunacheza kwa mapenzi ya mtaa. Vijana wamegoma. Nifanyeje? (Kibirizi)

Nimecheka peke yangu, maana mamluki nimewahi kuwa. Niliitwa Gungu nikacheze beki mbili, nikalipwa ndoo ndogo ya dagaa na nauli, na nilikabwa na wa timu yangu zaidi ya wapinzani, pasi nilikuwa sipewi. Nilijua kwanini.

Mamluki analipwa kwasababu anaweza kukataa kuja. Nyie hamuwezi kukataa, mama zenu wanaishi hapohapo, ukikataa unaitwa msaliti kisimani. Kiongozi anajua hilo ndo maana hela yake anaipeleka mjini.

Na habari hii haikuanzia Kibirizi. Kule kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wa raga walikuwa watu wa migodi na viwanda vya nguo, wakienda kucheza Jumamosi wanakatwa ujira wa siku. Vilabu vyao vikaomba angalau viwafidie ule ujira uliopotea, sio mshahara wa mpira, fidia tu. Wakubwa wa mchezo, wengi wao watoto wa wenye nazo ambao Jumamosi yao haina hasara, wakakataa, wakasema hela itachafua mchezo. Agosti 1895 vilabu vikakutana Huddersfield vikajitoa, vikaanzisha chama chao, na mpaka leo raga ni michezo miwili tofauti. Wale waliobaki na usafi wao walikuja kuruhusu malipo rasmi 1995. Miaka mia moja kamili ya kubishana kuhusu ujira wa Jumamosi!

Sasa rudi Kibirizi. Mvuvi wa dagaa siku za giza anatakiwa majini jioni, mechi ikianza saa kumi ikaisha saa kumi na mbili na ushee mtumbwi haumsubiri, usiku umekwenda, na nyumbani watamuuliza mapenzi ya mtaa yanachemshwa na chumvi kiasi gani. Kwaiyo la kwanza ambalo halina gharama kabisa, mkamwambie mwandaaji mechi ziwe za mbalamwezi, watu wanapokuwa hawaendi ziwani. La pili, kama lazima ichezwe siku za giza, anaekosa usiku wake afidiwe kwanza kabla ya mamluki kununuliwa soda. (2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 muda tulikuwa nao tele, viwanja vilijaa, na mifuko ilikuwa mitupu, ila hiyo ni hadithi nyingine.)

La tatu ni ng'ombe. Ng'ombe huyo mgao wake uandikwe kwenye daftari kabla ya filimbi, nani anapata nini, mguu wa nani, ikiuzwa inagawanywaje. Baada ya filimbi ng'ombe anageuka wa kiongozi. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, hawakusema hupigiwa makofi. Mgomo mi nauunga mkono mpaka daftari lifunguliwe, likifunguliwa ingieni mcheze, na hao mamluki mwape pasi, hawana kosa.

Na sisi tunaotoa damu tulipwe basi? (bodaboda, stendi)

Hapana. Hapa mi na nyie tunaachana. Toka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umezihimiza nchi zitegemee damu ya hiari isiyolipiwa, na sababu yake inaeleweka hata kijiweni: ukilipa, mwenye shida ya hela ataficha ugonjwa wake ili apate, na anaeumia ni mgonjwa kitandani. Isitoshe damu unatoa robo saa unaondoka, haikunyimi siku ya kazi. Soda na biskuti kunywa bila aibu.

Enzi zetu wanariadha walikimbia kwa heshima ya nchi, Filbert Bayi hakulipwa akavunja rekodi ya dunia. Siku hizi hela imeharibu michezo. Au nakosea? (mzee, Mwanga)

Shikamoo mzee wangu. Nusu upo sawa. Bayi pale Christchurch Februari 1974 alitoka mbele toka mlio wa bastola na hakuna aliemfikia, dakika 3 sekunde 32.16 mita 1500, rekodi ilikaa mpaka 1979. Lakini mzee wangu, Bayi alikuwa mwanajeshi, serikali ilimlisha. Mtoto wa mkulima wa Heru Juu asiekuwa na jeshi wala shule ya kumfadhili angekimbia na nini tumboni? Huo uridhaa, yaani kucheza bila kulipwa, ulikuwa unamfaa mwenye mshahara mahali pengine, au mwenye baba.

Na ulikuwa mkatili. Jim Thorpe, Mmarekani mwenye asili ya wenyeji wa kule, alichukua dhahabu mbili Stockholm 1912. Mwaka uliofuata akanyang'anywa kwasababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli miaka miwili mitatu nyuma. Alikufa 1953 bila medali zake. Walikuja kulainika 1982, na ni 2022 tu ndo wakamwandika mshindi peke yake. Yaani haki ilimkuta kaburini ana karibu miaka sabini.

Saivi shirikisho la riadha la dunia lililipa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha Paris 2024. Kamati ya Olimpiki yenyewe hailipi wenye medali, japo haki za televisheni inaziuza. Hela ilikuwepo siku zote mzee, ilikuwa haifiki miguuni kwa mkimbiaji. Ila nakubali upande wako mmoja: kubeti kumetuharibia vijana, na wapo wanaouza mechi. Hilo hata mi linanikera.

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nina baiskeli yangu, matairi nanunua mwenyewe. Nikidai malipo kijijini watasema nimegeuza ugonjwa wa watu kuwa duka. (Uvinza)

Waache waseme. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 limetaka watu kama wewe walipwe kulingana na kazi, saa na mafunzo, tena likaonya msilipwe kwa kuhesabiwa matokeo peke yake, maana mtu atakimbilia zile kaya zenye namba nzuri akaacha zile za mbali. Na serikali yetu Januari 2024 ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, waliofundishwa na wanaolipwa. Nenda zahanati umuulize mganga mfawidhi kijiji chenu kipo kwenye awamu ipi na sifa zinazotakiwa ni zipi. Usiende mkono mtupu, beba daftari lako la kaya ulizotembelea.

Tuna katimu ketu ka watoto huku Kakonko, tumemlea kijana toka ana miaka 12, sasa ana 16. Kaja mtu anajiita ajenti, anataka kumpeleka nje. Sisi tunapata nini, au ndo tunasema Mungu ambariki? (kocha)

Mungu ambariki, na pia mlipwe. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwa hela kabla mkataba haujaisha kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya hela hiyo inakatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23, kila kimoja kwa muda wake. Nyie mna miaka minne pale. Na kuna fidia ya mafunzo pia akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Kwa kanuni hizohizo mchezaji wa kulipwa ni mwenye mkataba wa maandishi na anaepewa zaidi ya gharama zake, bila karatasi anahesabika wa ridhaa hata awe analala hotelini.

Huyo ajenti simuelewi. Mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hairuhusiwi isipokuwa sababu chache sana zenye masharti, na ajenti hatakiwi hata kumsogelea mtoto bila mzazi kukubali kwa maandishi. Mwambieni alete leseni yake, na mama wa kijana asisaini chochote usiku.

Tatizo lenu ni moja. Asilimia hizo zinakwenda kwa klabu iliyosajiliwa, iliyomsajili kijana kwa jina na tarehe. Timu inayojulikana kwa rangi ya jezi tu haipati kitu. Kwaiyo kesho asubuhi nenda kwa katibu wa chama cha mpira cha wilaya, uliza timu yenu ipo kwenye kitabu au haipo, na huyo kijana aliandikwa lini. Nenda na mwenzio mmoja wa kushuhudia, na kalamu nenda na yako.